Mama Wafula wa Kila Jumanne

Wenzangu vijana, mmenisumbua tangu siku ile ya kuniaga. Mlikata keki, mkahutubu, mkanipa seti ya sufuria ambazo mume wangu sasa anaziogopa kwa jinsi zinavyong'aa, kisha mmoja mmoja mkaja kuninong'oneza: "Sista Mueni, andika. Hayo ya zamani usiende nayo." Nami nikaitikia, maana mtu mwenye keki mdomoni hawezi kubisha. Sasa niko nyumbani, magoti yananitangazia mvua kabla ya redio, na kisingizio sina. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilifika vimechoka. Nitawasimulia kazi.

Nilipelekwa kituo cha afya cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, pembeni mwa Jogoo Road, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitoka chuoni moja kwa moja, sare yangu imepigwa wanga hata kuinama nilishindwa. Kichwani nilikuwa nimebeba magonjwa yote ya kitabuni, nikiamini yananisubiri kwenye benchi yamepanga foleni. Yalikuwapo, sisemi hayakuwapo. Surua, vifua vya watoto, watu wa viwandani waliokatwa vidole, watoto waliojimwagia uji. Lakini asubuhi ile ya kwanza karibu kila mtu mzima aliyeketi mbele yangu alisema jambo ambalo mwalimu wangu hakuwahi kulitaja.

"Sista, moyo inanienda mbio."

"Sista, kuna joto inatembea kwa mwili. Inaanza kwa kisigino, inapanda."

Nilipima homa, nikapima mapigo, nikatafuta hilo joto nisilione. Adhuhuri nilimwendea Sista Dorcas, mkuu wetu, nikamuuliza ni ugonjwa gani ule wa joto linalotembea. Alikuwa akila kiazi kitamu. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Ni ugonjwa wa mtaa," akasema. "Utaujua tu. Kula kiazi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo acheni nimweleze kidogo. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye mwendo wa mtu anayejua kwamba hakuna mahali atakapokosa kungojewa. Alivaa viatu vya kiume kwa sababu, kwa maneno yake, vya kike vilitengenezwa na mtu asiyewahi kusimama. Alikuwa muuguzi tangu enzi za Waingereza na hakuvutiwa sana na wanga wa sare yangu. Nilimpenda kufikia Ijumaa ya wiki ile ya kwanza.

Vifaa vyetu mngevicheka. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha asubuhi kwa sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, na ncha zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe kama panga. Dawa ya tumbo ilikuwa maji meupe mazito kwenye mtungi mkubwa, na kila mgonjwa alikuja na chupa yake. Tulizijua nyumba za watu kwa chupa zao: chupa ya soda, chupa ya mafuta ya nywele, na mzee mmoja muumini sana ambaye daima alileta chupa ya pombe kali na kuapa kwamba aliiokota. Vidonge tulivifunga kwa vipande vya gazeti. Na mtu asipochomwa sindano alitoka akinung'unika kwamba hakutibiwa.

Kifaa kilichoshinda vyote kilikuwa karai la kunawia mikono. Lilikuwa kwenye kona ya chumba, na ukisimama mbele yake unamgeuzia mgonjwa mgongo. Sista Dorcas alimaliza kupima, akaandika, kisha akaenda kunawa. Alinawa polepole, kidole kwa kidole, huku akiuliza kana kwamba haulizi: "Na huko nyumbani, hamjambo?" Mtu asiyeweza kukwambia neno machoni atauambia mgongo wako.

Nilimwona dereva mmoja wa lori akija na maumivu ya mgongo wiki baada ya wiki. Siku moja maji yalipokuwa yakichuruzika, alisema, "Sista, kazi iliisha. Nyumbani hawajui. Kila asubuhi navaa overoli, natoka, naenda kukaa Industrial Area mpaka jioni." Sista Dorcas hakugeuka. Alisema, "Pole, baba. Jumamosi njoo na mama watoto, umwambie hapa hapa. Mimi nitakuwa nanawa." Ikawa hivyo. Mgongo ulipona kabla kazi haijapatikana.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Sista Dorcas aliwaacha watu wafiche kwanza. Alisema malalamiko ya mwanzo ni ya kukaa nayo kwenye benchi, mbele ya majirani. Lile lililomtoa mtu nyumbani hulibakisha mwisho, akiwa ameshashika mlango. Basi wenzangu, mgonjwa akishashika mlango, msiite anayefuata.

Aliyeita wanaofuata kwetu alikuwa Mzee Kilonzo, karani wa kadi. Alikaa kwenye kidirisha kinachotazama benchi, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuwa na sauti nzito ya kwaya ambayo ilisikika mpaka kituo cha petroli. Majina yaliyoandikwa kwenye kadi aliyadharau. "Hayo ni majina ya serikali," alisema. "Mtu hujibu jina la nyumbani kwake." Kwa hiyo aliwaita watu kwa watoto wao: Mama Njoki! Baba Otieno! Mwanamke ambaye hakuwa na mtoto alimwita Bibi Arusi, hata kama harusi ilikuwa ya zamani, na wakicheka alifurahi. Nilishuhudia wasichana waliojifungua mtoto wa kwanza wakija na kikohozi ambacho hakikuwapo, ili tu waitwe mbele za watu kwa jina lao jipya. Walisimama kwa madaha kama wanaokwenda kupokea zawadi. Sista Dorcas aliwapa shurubati ya kikohozi kidogo, maana hata furaha ina haki ya kutibiwa.

Sasa nifike kwa Mama Wafula.

Alikuwa mke wa fundi wa karakana ya reli, watu wa magharibi, waliokaa katika nyumba za reli kule Makongeni. Mzee Kilonzo alimjua tangu alipomleta Wafula kuchanjwa akiwa mchanga. Mwaka ninaousema, mvua ya masika ilipoanza, alianza kuja akiwa na mtoto mwingine mgongoni, msichana, Nekesa. Alikuja kila Jumanne. Alikuwa mrefu, mkimya, leso yake imekunjwa vizuri. Jumanne moja ni kichwa, Jumanne nyingine ni kifua, ya tatu ni mgongo. Tulimpima damu, tukampima presha, tukamsikiliza moyo. Hatukupata kitu. Tulimpa vidonge, tukamjazia chupa, na Jumanne iliyofuata chupa ilirudi na dawa ile ile ndani.

Sista Dorcas alimnawia mikono mpaka vidole vikakunjamana. "Na nyumbani, hamjambo?"

"Hatujambo, Sista."

Kuna jambo lililonishangaza. Watu wote hugombania foleni. Kule kwetu mtu angeapa kwamba anakufa ili apite mbele. Yeye alikuwa radhi kungoja. Nikimwambia aingie mapema kwa sababu ya mtoto, alisema, "Wacha huyo apite, mtoto wake ako na joto." Alikaa mahali pale pale, akitazama kidirisha cha Mzee Kilonzo. Na ikifika zamu yake, sauti ile ikitoka, "Mama Wafula!", alisimama mara moja na uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilidhani ni kuchoka kungoja.

Jumanne moja Mama Kioko, jirani yake wa mlango wa pili, alikuja kufungwa bandeji ya mkono uliochomwa na mvuke wa sufuria. Nilikuwa bado naifunga bandeji, Mzee Kilonzo alipoita, "Mama Wafula!" Mama Kioko alinishika kwa ule mkono mzima.

"Sista! Nyinyi hamjui?"

"Hatujui nini?"

"Wafula alikufa!"

Akanieleza huku akitazama mlango. Likizo ya Disemba kijana alipelekwa nyumbani kwa nyanya yake, kwa kuwa mama alikuwa mzito na siku zimekaribia. Surua ikaingia kijijini. Habari ilifika siku ambayo mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na wakubwa wakakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu. Mume akaenda, mtoto akazikwa upesi kama wenzake waliozikwa wiki ile, mume akarudi akaketi kando ya kitanda cha mkewe hospitalini akitabasamu. Majirani wakaingia katika kile chumba chao kimoja. Wakatoa nguo za Wafula, godoro lake, vitabu vyake, vyote vikapelekwa kule kijijini, ili mama akirudi asivione. Aliambiwa Nekesa alipokuwa na wiki kadhaa.

"Kwa laini yetu ya nyumba tulikubaliana," Mama Kioko akasema. "Hakuna mtu anataja hiyo jina. Hata watoto tumewaambia. Sasa ni Mama Nekesa. Na nyinyi hapa kila wiki mnamtonesha kidonda!"

Nilipomwambia Mzee Kilonzo, alivua miwani, akaiweka juu ya kadi, akatoka. Nilimkuta nyuma ya stoo amekaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Mueni, mimi nimekuwa nikimwita marehemu mbele ya mama yake. Na sauti hii yote."

Alitaka kumfuata siku hiyo hiyo akamwombe radhi. Sista Dorcas alimkataza. "Usimfungue mtu kidonda ili wewe upone," akasema. Kisha akatoa amri, nasi sote tukaiona ni ya busara: kuanzia sasa ni Mama Nekesa, na aitwe taratibu.

Jumanne iliyofuata Mzee Kilonzo aliita kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti ya maktaba. "Mama Nekesa." Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Mama Wafula alitazama kulia na kushoto, kana kwamba yuko mwanamke mwingine anayetakiwa. Akatazama kidirisha, Mzee Kilonzo akainamisha kichwa. Mwishowe alisimama. Chumbani alikaa ukingoni mwa kiti. Nilimuuliza leo ni nini, akasema, "Sina shida, Sista." Akaenda zake na chupa yake akaiacha mezani.

Jumanne nyingine hakuja, wala ile iliyofuata. Tukafurahi! Sista Dorcas alisema labda amepoa, Mzee Kilonzo akapata tena usingizi. Kosa hilo wauguzi tunalo hata leo. Mgonjwa asiporudi, tunamhesabu kuwa amepona.

Aliyerudi alikuwa mume wake. Alikuja asubuhi ya Alhamisi na overoli ya kazi, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama aliyekuja kushtakiwa.

"Sista, mama watoto hali chakula. Anaangalia ukuta. Maziwa yamekauka, mtoto nampa maziwa ya pakiti na kijiko kabla niende kazi. Akilia hasikii."

Sista Dorcas alimkalisha. Hakwenda kwenye karai. Huyu hakuwa na haja ya mgongo, alikuwa amekwisha kufurika.

"Ndugu zangu wanakuja Jumamosi," akaendelea. "Wamesema ni akili. Yeye apelekwe hospitali ya akili, na mtoto apelekwe nyumbani kwa mama yangu. Mimi sitaki, Sista. Lakini nani atabaki naye mchana?"

Nekesa apelekwe kwa nyanya. Nyumba ile ile, wenzangu, ambayo kaka yake alikwenda likizo akazikwa uani. Sikumlaumu bwana yule wala ndugu zake, hospitali ile ina kazi yake na nimepeleka watu wengi huko wakarudi wazima. Lakini nilijua kwamba mwanamke huyu akinyang'anywa mtoto wa pili, hatutakuwa na mtu wa kumtibu tena.

"Mueni, kesho nenda," Sista Dorcas akaniambia. "Chukua mzani wa mtoto. Dawa usibebe."

Kesho yake nilipita katikati ya laini za nyumba za reli, kina mama wakifua kwenye bomba, majiko yakifuka milangoni. Mama Kioko aliniona kutoka mbali, akanikimbilia na povu mikononi. "Sista, kumbuka. Usitaje."

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Pazia limegawanya kitanda na viti, vyombo vimepangwa, na hakuna kitu hata kimoja kilichoonyesha kwamba mtoto wa kiume aliwahi kulala pale. Mama Wafula alikaa kitandani. Aliitikia salamu yangu, halafu basi. Nilimpima Nekesa. Uzito ulikuwa umeshuka, ngozi imelegea mapajani, na alinitazama kwa macho makubwa ya mtoto aliyechoka kuomba. Nikaona mtoto hajaogeshwa. Nikaomba maji, nikamimina kwenye karai, nikapiga magoti nikaanza kumwogesha, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, mama akabaki nyuma yangu.

Maji yalikuwa yameanza kupoa aliposema, "Sista, nani aliwaambia muache kuniita?"

Mikono yangu ikasimama. Nikakumbuka mafunzo, nikaendelea kuogesha.

"Nilikuwa hospitali," akasema. "Niko na uchungu ya huyu. Nauliza Wafula, wananiambia ako sawa, ako kwa nyanya yake. Baba yake amekaa hapo anacheka. Nikarudi nyumbani, kitanda yake haiko. Viatu yake haiko. Kaburi nilionyeshwa tu, nyasi imeshaota. Nikipita kwa laini, Mama Nekesa. Kanisani, Mama Nekesa. Hata baba yake, Mama Nekesa. Ni kama huyo mtoto sikumzaa, ni kama niliota. Nikaja kwenu na kichwa, na kweli kichwa ilikuwa inauma. Yule mzee akaita, Mama Wafula! Watu wote kwa benchi wakasikia. Nikasema, kumbe alikuwako."

Kitanda kikalia alipojisogeza.

"Dawa sikuwa nakunywa, Sista. Nilikuwa nakuja kuitwa."

Nililia. Chuoni walitufundisha tusilie mbele ya mgonjwa, nami nililia ndani ya maji ya mtoto, Nekesa akinishangaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi wote, majirani, waumini, wauguzi, tulikuwa tumekaa kitako tukaamua kwa upendo mwingi kwamba uchungu wake tunaujua kuliko yeye.

Nilipofuta macho niligeuka. "Mama Wafula," nikasema, "alikuwa mtoto wa namna gani?"

Alikunja leso yake upya. Kisha akaanza. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Aliogopa kuku lakini alipenda mayai, na hakuona kwa nini mambo hayo yahusiane. King'ora cha karakana kikilia jioni alikimbia mpaka kona kumpokea baba yake kofia. Alipanga vifuniko vya soda mlangoni vikawa treni, na ole wake mtu mzima aliyeruka mabehewa bila kupiga honi. Alisimulia mpaka uji niliompikia kwenye jiko lake ukapoa, na katikati ya hadithi akaunywa kidogo bila kujua kwamba anakunywa. Mimi nilijua.

Niliporudi nilimweleza Sista Dorcas kila neno. Alishika tama. "Kumbe dawa ilikuwa inafanya kazi," akasema, "na sisi tukamnyima."

Nyuma ya kidirisha kiti kilikwaruza sakafu. Mzee Kilonzo alikuwa amesikia. Jumamosi asubuhi alikuja kazini amevaa koti la kanisani.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliacha kidirisha chake wakati watu wamejaa. Sista Dorcas aliketi pale akaanza kuita mwenyewe, akiyavuruga majina mpaka benchi zima likaangua kicheko. Sisi wawili tukashika njia ya Makongeni. Mzee alitembea haraka hata nikatweta. Njiani aliniuliza neno moja tu, "Na akinifukuza?" Nikamwambia akifukuzwa tutarudi, mbona ni karibu.

Tulikuta gari la kuazima limesimama mbele ya laini, injini ikinguruma. Shemeji wawili wa Mama Wafula walikuwa wamefika. Furushi la nguo za Nekesa lilikuwa tayari ndani ya gari, na mtoto mwenyewe ameshikwa na Mama Kioko, analia. Majirani walisimama milangoni kwa ile heshima ya msibani, mikono imefungwa kifuani. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Mama Wafula amekaa kitandani, amevalishwa viatu. Mumewe alisimama kando, hamtazami mtu.

"Mzee, tafadhali," Mama Kioko akamnong'oneza Kilonzo, "sauti chini."

Mzee Kilonzo alivua kofia, akainama kizingitini. Mtu huyu aliyezoea kusikika mpaka kituo cha petroli, safari hii sauti yake ilitoka kama pumzi.

"Mama Wafula."

Mumewe alishtuka. Shemeji mkubwa akapiga hatua mbele amzuie. Lakini Mama Wafula alikuwa ameinua uso.

"Si hivyo," akasema. "Kama kule."

Mzee alinitazama. Nami nikainamisha kichwa kumkubalia, ingawa sikujua litakalotokea. Akajinyoosha kama afanyavyo amwonapo mwalimu wa kwaya akinyanyua mkono, akajaza kifua.

"Mama Wafula!"

Sijui kama mmewahi kusikia laini nzima ya nyumba ikinyamaza. Aliyekuwa akifua aliacha. Bomba lilibaki likimwaga maji na hakuna aliyelifunga. Watoto walituangalia sisi, kisha wakawaangalia mama zao, wakingoja kuona nani atachapwa kwa kutaja jina lile.

Mama Kioko ndiye aliyevunjika kwanza, yeye aliyekuwa askari wa ule ukimya. "Alivunja dirisha yangu na mpira!" akalia, Nekesa akiwa bado mikononi mwake. "Wafula alivunja dirisha yangu, na sijaitengeneza mpaka leo. Mume wangu akitaka kuitengeneza namwambia wacha. Woi, Mama Wafula, sijaitengeneza!"

Kutoka mlango mwingine sauti ikasema kwamba Wafula ndiye aliyekuwa akikimbia kuwaambia maji yamerudi bombani. Mwingine akasema Wafula alimwita shangazi bila undugu wowote. Yakatoka yote, yamechanganyika na kilio, na Mama Wafula akayasikiliza huku machozi yakimshuka, midomo yake ikitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mumewe alikuwa amekaa chini, uso ndani ya kofia.

Mama Wafula alisimama. Akashika ukuta, akafika mlangoni. "Leteni mtoto," akasema. Mama Kioko akampa. Kisha akamgeukia shemeji yake mkubwa.

"Zimeni hiyo gari, shemeji. Njoo ukae. Wewe pia ulikuwa pale. Niambie mtoto wangu alizikwa namna gani."

Mtu yule alikuwa amekuja na hasira za safari na maamuzi ya ukoo. Alimtazama kaka yake, akatazama ardhi. Dereva alizima injini bila kuambiwa.

"Nilimweka mimi mwenyewe," akasema polepole. "Kwa mikono yangu. Sikutaka mtu mwingine amshike."

"Alivaa nini?"

Shemeji akaingia, akakaa kwenye kiti kidogo karibu na kitanda, kofia magotini. Mama Wafula akakaa mbele yake, akamweka Nekesa kifuani, na mtoto akaanza kutafuta titi.

"Ile shati ya shule," shemeji akasema. "Mama yetu aliipiga pasi."